Nani Ampime Fundi?

Mhadhara juu ya kazi ya mtathmini wa ujuzi wa ujenzi, uliotolewa Bariadi, mkoani Simiyu



Nimeombwa nizungumze juu ya namna mtu anavyokuwa mtathmini wa ujuzi katika fani za ujenzi. Ningeweza kuwatajia hatua za kufuata kwa dakika kumi, mkaziandika, tukaenda kula. Lakini mtu akishika hatua bila kujua kazi yenyewe inadai nini, atakuwa mwekaji wa alama za vema kwenye fomu, basi. Kwa hiyo nitaanza na kazi, kisha nitafika kwenye njia.

Kauli yangu ni hii. Simiyu haikosi mafundi. Inachokosa ni watu wa kutosha wanaoweza kusema, kwa ushahidi ulioandikwa, nani amefikia umahiri na nani bado. Watu hao tusingoje waletwe kwa basi kutoka Dodoma. Wapo humu humu kwenye saiti zetu, ila wanahitaji kufundishwa kupima, na wakubali kwanza kupimwa wao.

Mkoa unaojengwa

Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu karibu milioni 1.6. Sensa ya 2022 ikatukuta tumepita milioni 2.1. Watu hao wote wanalala chini ya paa, na paa lazima mtu alijenge.

Tazameni yaliyotokea hapa ndani ya miaka michache. Barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi ilipata lami, na saruji ikaanza kufika mpaka vijijini. Viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonesho ya Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka inapita Malampaka. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani unahitaji matangi, vituo na mabomba. Wakati wa fedha za UVIKO-19, kuanzia mwishoni mwa 2021, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Sehemu yake ilijengwa hapa, na mafundi wa hapa.

Kumbukeni madarasa yale yalivyojengwa. Kazi nyingi zilikwenda kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule au halmashauri inanunua vifaa, kamati inatafuta fundi wa eneo hilo, inakubaliana naye bei ya ufundi, kazi inaanza. Utaratibu huu una faida yake, kwa sababu fedha inabaki kijijini na fundi wa kwetu anapata kazi ambayo zamani ingechukuliwa na kampuni ya mbali. Lakini unaweka mzigo mzito mabegani mwa kamati. Mwenyekiti wa kamati ni mkulima wa pamba, katibu ni mwalimu wa Kiswahili, na wote wanaulizwa: huyu fundi mnamjuaje?

Jibu tulilozoea ni kwamba alijenga nyumba ya fulani, na haijaanguka. Jibu hilo lina uzito kidogo, maana jina la fundi huwa halipatikani bure. Ila nyumba ya fulani ilijengwa kwenye kichuguu cha mchanga, nayo shule inajengwa bondeni. Nyumba ya fulani ina vyumba vitatu. Darasa lina ukuta mrefu usio na nguzo ya kati, na chini yake wanakaa watoto 50 au zaidi. Umaarufu wa fundi haututajii alifanya nini, kwa vifaa gani, mahali pa namna gani, na kama anajua kwa nini.

Wote mnakumbuka Machi 2013, jengo la ghorofa lilipoporomoka katikati ya Dar es Salaam na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mnakumbuka na jengo la Kariakoo, Novemba 2024. Jengo likianguka, chanzo kinaweza kuwa michoro, vifaa, usimamizi au tamaa ya mwenye mali, na sitaki kumbebesha fundi msalaba wa wengine. Lakini mikono inayosuka nondo na kumwaga zege ni ya fundi, na mikono hiyo ndiyo sehemu ambayo sisi tulio hapa tunaweza kuipima.

Cheti kilikotoka

Taifa hili limekuwa likipima mafundi kwa muda mrefu. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi za miaka ya 1950 zilikuwa na majaribio yao. Ikaja sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1974, na majaribio ya madaraja ambayo wazee wengi hapa wanayo kwenye masanduku yao: Gredi ya Tatu, ya Pili, hadi ya Kwanza iliyokuwa juu. Sheria ya 1994 ikaunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na baadaye mfumo ukageuzwa ufuate umahiri, yaani kumpima mtu kwa kile anachoweza kufanya dhidi ya kiwango kilichoandikwa. Ngazi zikawa tatu, na safari hii ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Ndiyo maana mzee mwenye Gredi ya Kwanza na kijana mwenye Ngazi ya Kwanza wakikutana hudhani wako sawa, kumbe wamesimama pande mbili za ngazi.

Mwaka 2021, lile baraza la elimu ya ufundi tulilolijua kama NACTE liliongezewa ufundi stadi na kuitwa NACTVET, nalo linasimamia ubora wa mafunzo haya pamoja na yale ya ufundi wa juu. VETA inaendelea kutoa mafunzo, na Bariadi leo ina chuo chake cha mkoa. Na kuanzia 2024, sera mpya ya elimu imeingiza mkondo wa amali kwenye sekondari. Vijana wa kidato cha kwanza wanaweza kusoma ujenzi. Hao nao watahitaji mtu wa kuwapima mikono, achilia mbali karatasi.

Lakini kundi ninalolijali zaidi leo ni la wale ambao hawakupita chuo chochote. Walianza kama saidia fundi, wakabeba karai, wakachanganya mota, siku moja fundi mkuu hakuja, wakashika mwiko. Kwa ajili yao VETA, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ilianzisha urasimishaji wa ujuzi, na uashi na useremala zilikuwa miongoni mwa fani za mwanzo. Baadaye urasimishaji ukaingia katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Fundi anajiandikisha, anahojiwa, anapimwa akiwa kazini, akionekana ana pengo anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, anapimwa tena, anapata cheti. Hapo katikati, kwenye kupimwa, ndipo anaposimama mtu tunayemzungumzia.

Asubuhi moja na kona ya ukuta

Twendeni saiti. Tuseme tuko Somanda, na mtahiniwa ni fundi uashi wa makamo, mzoefu, anayejulikana mtaa mzima. Amepewa kazi ndogo: ajenge kona ya ukuta kwa tofali za kuchoma, kozi sita, kila upande mita moja na robo. Ukuta wote hauzidi nusu mita kwenda juu. Mpita njia ataona jambo la kitoto. Mtathmini anayejua kazi yake ataona mambo ishirini.

Anaanza kutazama kabla tofali la kwanza halijalazwa. Je, fundi ameuliza ramani au ameanza kwa mazoea? Je, tofali amezimwagia maji? Tofali la kuchoma likiwa kavu hunyonya maji ya mota, na mota iliyonyonywa maji haishiki. Je, anapima mchanganyiko kwa nini? Hapa mtathmini anauliza swali moja tu, kwa upole: “Mzee, mfuko mmoja unaulisha mchanga ndoo ngapi?”

Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Ukitaka moja kwa sita, mchanga unaohitajika ni lita 210, sawa na ndoo kumi na nusu za lita 20. Fundi wetu anajibu, “Natia toroli tatu.” Jibu si baya. Ila toroli moja ikija na kichuguu na nyingine ikija imepigwa sawasawa, mchanganyiko wa asubuhi na wa mchana si ndugu. Mtathmini hasemi lolote. Anaandika: amepima kwa toroli, hakusawazisha juu.

Kisha kona. Fundi anachukua futi kamba, anaweka alama sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, anavuta kati yake mpaka ipatikane 100. Hakuenda shule ya kumfundisha pembe mraba, lakini kona yake imekaa skwea, na anajua namna ya kuithibitisha. Hilo nalo linaandikwa. Anapanda kozi kwa kozi, timazi mkononi, pimamaji juu ya tofali, uzi umekazwa. Viungo vinakaa karibu na milimita 10. Akimaliza anaosha mwiko, anafunika saruji iliyobaki.

Sasa mtathmini anapima. Halafu anaandika, na hapa wengi wanateleza. Usiandike “fundi mzuri sana”. Wala usiandike “anajitahidi”. Andika kilichoonekana: kozi ya sita imetoka nje ya timazi kwa milimita 3, kona imethibitishwa kwa 60, 80, 100, tofali zimeloanishwa, mchanga umepimwa kwa toroli bila kusawazishwa, alipoulizwa mota ikae muda gani kabla ya kutupwa, alijibu hivi. Mtu mwingine akisoma maandishi hayo Tanga au Songea, ambaye hajawahi kumwona fundi huyo, afikie uamuzi ule ule. Kama hawezi, basi ulichoandika ni maoni yako, na cheti hakitolewi kwa maoni.

Uamuzi wenyewe una milango miwili: amefikia umahiri, au bado. Na “bado” lazima iende na maelezo ya pengo. Pengo la mafundi wetu wa saiti mara nyingi haliko mkononi. Liko kwenye kusoma ramani, kukadiria vifaa, na usalama. Utamkuta mtu anayelaza tofali kama anapanga maneno ya sala, lakini anapanda jukwaa la mirunda lililofungwa kwa kamba ya katani iliyooza, kichwa wazi, na chini yake akina mama wanabeba maji. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 haikuandikwa kwa ajili ya makampuni ya ghorofa peke yake.

Jambo moja zaidi hapo hapo. Fundi akiwa hajui kuandika, mwulize kwa mdomo. Akieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, msikilize kwa Kisukuma, kisha uandike kwa Kiswahili alichosema. Unampima uashi, hujaja kumpima insha. Na akiwa mama au binti, usimpime kwa mshangao wako. Wako wanawake wanaolaza vigae na kupiga rangi kwa umakini mkubwa. Kiwango ni kile kile, hakipandi wala hakishuki.

Udongo wetu haumo kwenye kitabu

Nataka nikae kidogo kwenye udongo, kwa sababu hapo ndipo ninapopata hoja yangu ya kutaka watathmini wa hapa hapa.

Wazee wa Kisukuma waliigawa ardhi hii kwa majina kabla ya mtaalamu yeyote kuja na darubini. Juu ya miinuko kuna luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka unakutana na udongo mwingine na mwingine, kuna ibushi wenye chokaa, na chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mfinyanzi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, aliieleza dunia kwamba udongo hupangika kwa mfuatano kutoka mlimani hadi bondeni, na wataalamu wakalipokea wazo hilo mpaka leo. Mkulima wa Maswa alikuwa akilima kwa mpangilio huo siku zote.

Mbuga ndiyo adui wa fundi. Mvua ikinyesha inavimba, jua likiwaka inanywea na kupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto unaingia. Nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Ndiyo sababu ya zile nyufa za mshazari mnazoziona juu ya madirisha ya majengo mengi, ambazo kila mwaka tunaziba kwa lipu na kila mwaka zinarudi.

Kiwango cha taifa kinasema fundi aweze kuchimba na kujenga msingi kulingana na ramani. Sawa. Lakini mtathmini wa Simiyu anaongeza swali lake: “Kiwanja kiko bondeni, udongo ni mbuga. Utafanyaje?” Fundi anayejua atasema atachimba mpaka aipite mbuga afike kwenye tabaka gumu, kama linafikika. Au ataiondoa kwa kina cha kutosha, ajaze moramu kwa tabaka na kuishindilia. Atasema ataweka nondo kwenye msingi na mkanda juu ya madirisha, atazuia maji ya paa yasimwagike mguuni mwa ukuta, hatapanda mti mkubwa karibu. Na fundi bora kuliko wote ataongeza: “Jengo likiwa kubwa, namwita mhandisi.” Kujua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi, na mtathmini alipe jibu hilo uzito unaostahili.

Vivyo hivyo kwenye paa. Kila msimu wa mvua tunasikia shule fulani imeezuliwa. Muulize seremala kenchi zake zimefungwa na nini kwenye mkanda. Akikujibu kwamba uzito wa bati unatosha, andika bado.

Mtathmini aliyekulia kwingine anaweza kuwa hodari, lakini maswali haya hayatamjia yenyewe. Yanamjia mtu aliyewahi kuona ukuta unapasuka Sima au Malambo, akauliza kwa nini.

Shikamoo, undugu na soda

Sasa nije kwenye ugumu wa kuwa mwenyeji. Ukipima mafundi wa kwenu, utamkuta aliyekufundisha kushika mwiko amesimama mbele yako na kifomu chake. Utamwambia shikamoo, na utakuwa umefanya vema, maana heshima haikatazwi na kiwango chochote. Lakini ukishamwamkia, kazi yake ni kazi. Kumpa cheti asichostahili ni kumvunjia heshima kwa namna ya polepole, kwa sababu kitamwingiza kwenye kazi itakayomwumbua mbele ya watu.

Na kama ni baba yako mdogo, shemeji yako, au mtu mnayedaiana, sema wazi kabla hujaanza, apangiwe mtathmini mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Napendekeza watathmini wa Maswa wapime Bariadi, wa Meatu wapime Busega, wa Itilima wazunguke. Wote wanaijua mbuga, ila hawali mezani kwa watahiniwa.

Kuhusu kula mezani, nitasema wazi. Ipo hela ya soda. Haitolewi kwenye bahasha sikuzote; inaweza kuja kama kuku wa mchana, au mafuta ya pikipiki. Mtu anayepima apewe posho na usafiri na taasisi inayomtuma, kwa wakati, ili asiwe mgeni wa mtahiniwa. Tukimwacha afike kwa nauli yake na njaa yake, tumeuza cheti kabla kazi haijaanza.

Mkoa huu unalima pamba, hivyo sihitaji kuwaeleza mizani iliyochezewa inafanya nini. Mkulima anapunjwa kilo mbili kwenye gunia, mwisho wa msimu zimekuwa tani. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuigonga muhuri, na mkulima akiona muhuri anatulia. Mtathmini naye ni mizani. Lazima akaguliwe: maamuzi yake yapitiwe na mhakiki wa ndani, kisha wa nje; mara kwa mara watathmini wawili wapime kazi moja bila kuonana, tulinganishe. Anayekasirika kukaguliwa hafai kukagua.

Njia ya kufika

Mmevumilia vya kutosha, sasa niwape njia.

Kwanza ni mkono. Uwe na ujuzi wa fani moja kwa kina, uliouthibitisha kwa cheti cha ngazi iliyo juu ya ile utakayopima, na uzoefu wa saiti halisi. Fundi bomba asipime uashi kwa sababu tu aliwahi kuona tofali. Kama ujuzi wako ni wa mtaani na huna cheti, anza na urasimishaji. Ukae upande ule wa meza kwanza, uonje jasho lake.

Pili ni mafunzo ya kupima. Kupima ni ufundi mwingine kabisa, na fundi bingwa anaweza kuwa mpimaji mbovu, hasa kwa sababu anashindwa kukaa kimya. Akiona mtahiniwa anakosea, anamnyang'anya mwiko. Kwenye mafunzo utajifunza kusoma kiwango, kupanga jaribio, kukusanya ushahidi kwa kutazama, kuuliza na kukagua kilichotengenezwa, kuamua, kutoa mrejesho bila kumvunja mtu, na kutunza kumbukumbu. Wenye nia ya kufundisha pia, Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kilichoko Morogoro ndiko walimu wa fani hizi wanakotayarishwa. Lakini msidhani lazima uwe mwalimu. Urasimishaji unahitaji watu wa kazini wakae pamoja na walimu.

Tatu ni kufuatana na mzoefu. Mtathmini mpya asitie saini peke yake. Atazame, kisha apime akitazamwa, kisha uamuzi wake upitiwe.

Nne ni kubaki kazini. Vifaa vinabadilika. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, ambazo hazijengwi kama tofali za kuchoma. Madirisha ya mbao yameondoka, yamekuja ya alumini. Dari za jipsamu zimefika Bariadi. Mtu aliyejenga ukuta wa mwisho miaka kumi na mitano iliyopita atapima fundi wa leo kwa kumbukumbu zake.

Na wengine je? Ujerumani, sheria yao ya mafunzo ya ufundi ya 1969 iliweka kamati za mitihani zenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu. Fundi anapimwa na watu watakaofanya naye kazi kesho. Kenya, mtu wa jua kali ambaye hajasoma chuo anaweza kufanya majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na mamlaka yao ya mafunzo, NITA. Na Uingereza, vyeti vya umahiri vilivyoanzishwa miaka ya 1980 vilikuja kulaumiwa kwa kuwageuza watathmini kuwa watu wa kujaza makaratasi. Tuchukue la kwanza, tushukuru kwa la pili, tujihadhari na la tatu.

Wanaosema cheti hakijengi nyumba

Najua hoja inayonisubiri mlangoni: cheti hakijengi nyumba. Kweli kabisa. Wako wenye vyeti wasioweza kunyoosha ukuta, na wako wasio na cheti waliojenga nusu ya mji huu. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho, inasema tatizo ni cheti kilichotolewa vibaya na ujuzi ambao haujapewa cheti. Yote mawili yanaponywa na mtathmini mwaminifu. Fundi wa Itilima asiye na karatasi, kazi ikitangazwa na mkandarasi wa reli au wa maji, hana cha kuonyesha isipokuwa ukuta ulioko kilomita 60 kutoka ofisini. Anaajiriwa kama kibarua, analipwa kama kibarua, akisimamiwa na kijana anayejua kidogo kuliko yeye. Huo ni wizi usio na mwizi, na tunaweza kuuzuia.

Hoja ya pili ni gharama. Ni kweli kupima kazi kwa vitendo kunakula saruji na muda. Basi tupime pale kazi inapofanyika tayari. Darasa likijengwa kwa fosi akaunti, ukuta upo, mota ipo, fundi yupo. Mtathmini aende wakati kona zinainuliwa na wakati kenchi zinafungwa, badala ya kungoja jaribio la bandia chuoni. Mradi unapata ukaguzi wa ziada, fundi anapata nafasi ya cheti.

Naomba mambo matatu kwa wenye mamlaka. Halmashauri zetu, katika kila kazi ya fosi akaunti, ziombe angalau fundi mmoja aliyethibitishwa kwa kila fani kuu, na ziwape wengine muda wa kurasimishwa badala ya kuwatupa nje. Vyuo vya mkoa viwaalike mafundi wa saiti kukaa kwenye meza za upimaji, hata kama wanakuja na vumbi la saruji kwenye viatu. Na kila wilaya iwe na orodha ya watathmini inayojulikana hadharani, ili mwananchi mwenye malalamiko ajue aanzie wapi.

Kwenu mafundi wenzangu naomba moja tu. Wengi mtatoka hapa mkitaka kuwa watathmini, na nafurahi. Kabla hujaomba kalamu, omba kupimwa. Nenda kajiandikishe katika fani yako, simama mbele ya mtu mgeni, jenga kona yako, na usome atakachoandika. Ukiambiwa bado, ziba pengo urudi. Ukishaweza kulipokea neno hilo bila kununa, utaweza kulitamka kwa haki. Dawati la kujiandikisha liko pale mlangoni, na ningependa kuona jina la kwanza likiandikwa na mmoja wa wazee wetu.